Barua ya wazi kwa wanaosimamia kazi, afya na madini: vumbi linaua, na haliandikwi popote

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya kazi, afya na madini. Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Na wakurugenzi wa halmashauri zote zenye machimbo.

Waheshimiwa,

Ninaandika kama muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu katika Kanda ya Ziwa. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo hili halina ofisi moja inayolimiliki. Nikilipeleka kwa watu wa afya, nitaambiwa ni la kazi. Nikilipeleka kwa watu wa kazi, nitaambiwa wachimbaji wadogo ni wa madini. Nikifika madini, nitaulizwa hao watu mwajiri wao ni nani. Kwa hiyo nawaandikia nyote kwa pamoja, na mwananchi asome pia, ajue kwamba mmeandikiwa.

Ninachosema ni hiki. Watu wetu wanaugua kwa sababu ya kazi wanazofanya, wengine wanakufa kwa kazi hizo, na sisi tunaandika kwamba wamekufa kwa kifua kikuu, kwa pumu, kwa moyo, kwa figo. Kazi haitajwi. Na isipotajwa, mkaguzi hatumwi, bajeti haitengwi, na mjane hana mlango wa kubisha.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) linakadiria kwamba wafanyakazi takriban milioni 2.93 hufa kila mwaka duniani kwa sababu zinazotokana na kazi. Kati yao, milioni 2.6 wanauawa na magonjwa. Ajali zinachukua kama 330,000. Maana yake, kwa kila mtu anayeangukiwa na mzigo, anayekatwa na mashine au kufukiwa na kifusi, kuna wengine karibu wanane wanaokufa polepole, kitandani, nyumbani kwao, miaka mingi baada ya kutoka kazini. Sasa jiulizeni, katika taarifa zenu za mwaka, hao wanane wako wapi?

Duara, yaani shimo la mgodi, likititia, nchi nzima inajua kabla jua halijazama. Mwaka 2008 maji ya mvua yalipoingia kwenye migodi ya Mirerani na kuua makumi ya wachimbaji, taifa liliomboleza, na ilikuwa haki liomboleze. Lakini kijana aliyenusurika siku ile, akaendelea kuchoronga miamba mikavu miaka mingine kumi, leo akishindwa kupanda ngazi moja, hakuna kamera inayomfuata. Anakohoa peke yake.

Niwaeleze tunavyowapokea. Anakuja baba wa makamo, amekonda, mabega yamepanda juu kwa kuvuta pumzi. Kadi yake inaonyesha ameshamaliza dawa za TB mara mbili katika vituo viwili tofauti. Makohozi yake tumeyapima kwenye GeneXpert, hayana vimelea. Kwenye nafasi ya kazi pameandikwa "mkulima." Nikamuuliza: baba, shambani ndiko unakokohoa hivi? Akasita, akasema: "Dada, kulima ni sasa hivi, baada ya kushindwa. Kwanza nilikuwa duarani, halafu nikakaa karashani." Alikaa huko, kwenye mashimo na mashine za kusaga mawe ya dhahabu, tangu kijana. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona sababu ya kusema, maana ameshazoea kwamba ukienda hospitali unaulizwa unaumwa nini, huulizwi umekuwa ukifanya nini. Alipopigwa picha ya kifua hospitali ya rufaa, mapafu yote mawili yalikuwa na makovu madogomadogo kwa juu, kama mtu aliyerushia mchanga kwenye kioo kilicholowa. Huo ni ugonjwa wa vumbi la mawe, silikosisi. Dawa za TB alizomeza mara ya pili hazikuwa na kazi ya kufanya mwilini mwake.

Na kabla hamjasema huyo ni mmoja, nawaomba mfike kliniki yoyote iliyo jirani na machimbo, Geita, Kahama, Chunya au Simanjiro, mkae kwenye benchi na wagonjwa asubuhi moja. Waulizeni kazi zao za zamani. Msikilize.

Silikosisi inaletwa na vumbi la kwatzi (quartz), madini yaliyomo kwenye miamba mingi inayobeba dhahabu, na kwenye mawe ya granaiti ambayo mji wa Mwanza umejengwa juu yake. Jiwe likipasuliwa, likichorongwa au likisagwa likiwa kavu, hutoa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Vumbi unaloliona likitua kwenye kope na nywele ni lile kubwa, na hilo pua inaweza kulizuia kwa kiasi fulani. Linaloua ni lile usiloliona. Linashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu. Askari wa mwili wanajaribu kulimeza, wanakufa nalo, na pafu linaweka kovu. Kovu halivuti hewa. Linaongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi, na hakuna dawa duniani inayoliondoa. Kwa kawaida huchukua miaka kumi na zaidi kujitokeza, ila kwenye vumbi zito linakuja mapema kuliko hapo, na linaua vijana.

Ubaya wa pili ni kwamba askari hao waliokufa na vumbi ndio hao hao wanaopambana na vimelea vya kifua kikuu. Mtu mwenye silikosisi yuko kwenye hatari ya kupata TB mara kadhaa zaidi ya mtu mwenye mapafu salama, na hatari hiyo inamfuata maisha yake yote. Akiwa pia na VVU, hatari inazidi. Kwa hiyo baadhi ya wachimbaji wana vumbi peke yake na wanatibiwa TB wasiyo nayo, na wengine wana vyote viwili, wanatibiwa TB, inapona, inarudi, na kila mtu anawalaumu kwamba hawamezi dawa vizuri. Nimesikia mgonjwa akifokewa kwa hilo mbele ya mkewe.

Haya si mambo ya kukisia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima vumbi kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu hapa Tanzania, na ulikuta kwamba wanaochoronga chini ya ardhi wanavuta hewa yenye kiwango cha silika, yaani vumbi hilo la kwatzi, kinachozidi mara 300 kile ambacho taasisi ya utafiti wa afya kazini ya Marekani inashauri kisizidishwe. Mara mia tatu. Kama maji ya kunywa ya mji yangekutwa na sumu kwa kiwango hicho, bomba lingefungwa siku hiyo hiyo.

Karashani ni kwingine. Kwa mwananchi asiyepajua: karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, pipa la chuma linalozunguka na gololi za chuma ndani yake. Jiwe linaingia kavu, linatoka unga laini kuliko wa dona. Kijana anafungua pipa, anachota ule unga, anaumimina kwenye kiroba, na wingu linapanda mpaka humwoni. Amejifunga fulana usoni, na fulana haizuii chembe nilizozieleza hapo juu. Pembeni, mita chache, kuna mama anauza chapati na chai, na mtoto mgongoni. Wote wanavuta hewa ile ile. Halafu unga unapelekwa kwenye kialo, mahali pa kuoshea, unaoshwa, unachanganywa na zebaki kwa mikono mitupu, na ile donge inachomwa kwenye moto wa mkaa, wakati mwingine ndani ya nyumba ambamo watu wanalala. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Unakwenda kwenye ubongo na figo. Mikono inatetemeka, kumbukumbu inapotea, hasira zinakuja bila sababu, na kwa mama mjamzito mtoto anaathirika kabla hajazaliwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Tangu wakati huo zebaki bado inauzwa machimboni kwa kijiko.

Mwanza kuna akina mama wanaopasua kokoto. Mkipita barabarani mnawaona wamekaa kwenye vivuli vya magunia, kila mmoja na rundo lake. Jabali linachomwa moto mpaka lipasuke, kuni zikikosekana hata matairi chakavu yanachomwa, na moshi wake mweusi ni sumu ya peke yake. Vipande vikubwa vinavunjwa na wanaume kwa nyundo nzito. Vidogo ni vya akina mama. Mama anashika mkononi pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi, anaweka jiwe ndani yake ili vipande visirukie macho, anagonga. Anagonga tangu asubuhi mpaka ndoo zijae. Bei ya ndoo anajua dalali. Nimewatembelea kwa kazi ya kutafuta wagonjwa wa TB kwenye jamii, na nilichoona ni kwamba hakuna hata mmoja aliyejua kwamba jiwe analolipasua linaweza kumuua. Wanajua kidole kinapondeka, wanajua jicho linatobolewa. Vumbi wanalichukulia kama uchafu, la kuoga jioni likaisha.

Halmashauri inawajua akina mama hao, kwa sababu lori la kokoto likitoka linalipiwa ushuru. Nasema hivyo kwa uchungu. Na tangu masoko ya dhahabu yaanze mwaka 2019, kuanzia lile la Geita, serikali imejenga utaratibu mzuri wa kupima na kuandika dhahabu inayoletwa, kwa gramu, kwa mwenye leseni, kwa tarehe. Tumeweza hilo. Tumeweka mizani, karani, daftari na mlinzi mahali ambapo miaka michache iliyopita palikuwa na magendo matupu. Nchi inayoweza kufuatilia gramu moja ya dhahabu kutoka duarani mpaka sokoni haiwezi kuniambia kwamba imeshindwa kufuatilia mapafu ya mtu aliyeichimba.

Sitaki mdhani hili ni la migodini tu. Kwenye vinu vya kuchambua pamba, Shinyanga na Simiyu, vumbi la pamba linabana kifua, na dalili yake inajulikana: mtu anajisikia vibaya zaidi siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha anazoea, mpaka mwaka unakuja ambao hazoei tena. Mafundi wa kuchomelea wanalala usiku macho yakiwaka kama yamewekwa pilipili, kwa kuangalia mwale wa umeme bila kioo, na wengi wanajitibu kwa kuweka viazi au maziwa machoni. Maseremala wanavuta vumbi la mbao na mvuke wa vanishi kwenye vibanda visivyo na dirisha. Wakulima wa pamba na nyanya wanapuliza sumu dhidi ya upepo, bomba linavuja mgongoni, na kopo likiisha linaoshwa na kuwekewa maji ya kunywa. Tunawapokea wakitoka mate, jasho, mboni za macho zimesinyaa, na kijijini wameshaambiwa wamelogwa.

Niseme na la walinzi, kwa sababu wengi wenu mnao getini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 kwa mzunguko wa wiki nne. Mlinzi anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita, amefanya saa 72. Shirika la Afya Duniani na ILO walieleza mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi kubwa kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Mlinzi huyo anapoanguka asubuhi akiwa anafunga mkanda wa viatu aende nyumbani, tunaandika "presha." Ni kweli ni presha. Lakini imelelewa na nani?

Na sisi watoa huduma. Muuguzi anachomwa na sindano usiku, wodi ina wagonjwa wengi na yuko peke yake, anaosha kidole, anaendelea. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwachia wodi aende akazianze, na mkubwa asiyemwuliza "ulikuwa unafikiria nini?" Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu tu, inamkinga mtu kwa miaka mingi, na bado kuna wenzangu wanaoshika damu kila siku ambao hawajaimaliza. Tunaowaambia wengine wajikinge hatujakingwa.

Sasa nije kwenye sheria, maana najua jibu la kwanza litakuwa kwamba sheria ipo. Ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi akiwa kazini. Mfuko wa Fidia ulianza kufanya kazi Julai 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, na nimeona kwa macho yangu wafanyakazi wa viwandani waliopata ajali wakitibiwa na kulipwa bila kusumbuliwa. Ninawapongeza kwa hilo kwa moyo wote. Mtu aliyepoteza mkono akapata pensheni ya ulemavu, watoto wake wakaendelea na shule, ni jambo kubwa.

Lakini utaratibu huo umejengwa kwa ajili ya mtu mwenye mkataba, mwenye mwajiri anayechangia, na mwenye jeraha lenye tarehe. Kijana wa karashani hana mkataba. Analipwa kwa mgao wa viroba vya mawe, na kesho anahamia rashi (machimbo mapya) nyingine, Nzega au Chunya. Ugonjwa wake hauna tarehe. Utakuja akiwa amesharudi kijijini, mwenye duara ameshauza leseni, na shahidi pekee ni mke wake. Hata aliyeajiriwa rasmi, kama hakupimwa mapafu alipoingia na hakupimwa alipotoka, atathibitishaje kwamba makovu haya aliyapata kwenu na si kwingine?

Wazee wa Mbeya na Songea wanakumbuka Wenela, wakati vijana walipochukuliwa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Nchi ile mwaka 2019 mahakama ilipitisha makubaliano ya takriban randi bilioni 5 kati ya kampuni za dhahabu na wachimbaji wenye silikosisi na TB, wakiwemo wa nchi jirani na warithi wa waliokufa. Waliopigania haki hiyo walihangaika miaka mingi. Lakini walikuwa na kitu ambacho wetu hawana: mahali fulani palikuwa na kumbukumbu kwamba fulani alifanya kazi mgodi fulani, mwaka fulani mpaka mwaka fulani, na picha ya kifua. Sisi hata tukipata mahakama na wanasheria leo, tutawapa nini cha kusoma?

Nawaomba mambo haya, na ninayaomba nikijua hospitali zetu zina nini na hazina nini.

Kwanza, kazi iulizwe. Kila mgonjwa anayekohoa zaidi ya wiki mbili, katika kila kituo nchini, aulizwe kazi ya sasa na kazi zote za nyuma, na iandikwe: mgodi gani, miaka mingapi, alikuwa akifanya nini hasa. Neno "mkulima" lisitoshe. Hili halihitaji mashine wala mfadhili. Linahitaji waraka kutoka Wizara ya Afya na nafasi kwenye kadi. Mganga akiona miaka mitano ya karashani, atafikiri tofauti kabla ya kumwanzishia mtu dawa za TB kwa mara ya tatu.

La pili ni maji, na hapa nawaambia Madini na OSHA kwa pamoja. Vumbi likilowa halipandi. Kuchoronga kwa maji, kulowesha mawe kabla ya kuyavunja na kusaga yakiwa na maji kunapunguza sehemu kubwa sana ya vumbi linalovutwa, na ni teknolojia ya zamani kuliko sisi sote. Wenye makarasha watasema maji hayapo, au unga uliolowa unaganda kwenye viroba. Nimewasikia. Kwenye machimbo mengine maji ni ya kununua kwa dumu, na ni kweli ni ghali. Basi hapo ndipo serikali iingie: kisima kimoja kwenye eneo lenye makarasha arobaini ni nafuu kuliko kutibu watu arobaini. Na leseni ya uchimbaji mdogo au ya kinu cha kusaga isihuishwe mpaka mwenye nayo aonyeshe bomba la maji, na karasha lihamishwe mbali na mama lishe na nyumba za kulala. Mnao uwezo huo. Mnaposema leseni itafutwa kwa kutorosha dhahabu, watu wanatii kesho yake.

Zebaki nayo isiachwe. Chombo cha kufungia mvuke wake, ambacho fundi wa kawaida anaweza kukitengeneza kwa bomba na vifuniko vya chuma, kiwepo kwenye kila sehemu ya kuchomea, na kuchomea ndani ya nyumba kukomeshwe kabisa. Anayechoma akitumia chombo hicho anaikusanya zebaki yake na kuitumia tena, kwa hiyo hata mfuko wake unapona.

Kisha upimaji. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha imehangaika na mapafu ya wachimbaji wa Mirerani na ina wataalamu wanaojua kuisoma picha ya vumbi. Ujuzi huo ushuke huku Kanda ya Ziwa. Gari lenye eksirei lizunguke machimboni kwa ratiba inayojulikana, lipime kifua na makohozi papo hapo, na kila aliyepimwa apewe namba na kumbukumbu inayomfuata akihama rashi. Wakianza na picha leo, miaka kumi ijayo tutakuwa na ushahidi. Wasipoanza, miaka kumi ijayo mtu mwingine atawaandikia barua hii hii. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 itamke wazi kwamba upimaji wa mapafu kwa wachimbaji, wapasua mawe na wasagaji umo kwenye kitita. Mtu asiambiwe alipie picha kwa sababu hajaanza kuumwa.

La mwisho ni la WCF, na najua ndilo gumu. Tafuteni namna ya kumwingiza asiye na mkataba. Fedha zinaweza kukatwa palepale dhahabu inapouzwa, sokoni, ambako tayari mnakata mrabaha na ada ya ukaguzi. Sehemu ndogo ya kila gramu iende kwenye mfuko wa wanaoichimba, na chama cha wachimbaji cha mahali kiwe na sauti kwenye matumizi yake. Sijui kuandika sheria. Ila mizani ipo, mnunuzi yupo, karani yupo. Sioni kwa nini fedha ya serikali ikatike pale na ya mgonjwa isikatike. Kwa kokoto ni vivyo hivyo: ushuru wa lori unaweza kununua barakoa za N95, matanki ya maji ya kunyunyizia na miwani ya akina mama wanaolijaza lori hilo.

Kuhusu walinzi na wauguzi sihitaji kuomba kitu kipya. Ombi langu ni ukaguzi. Mkaguzi wa kazi aende usiku, aangalie daftari la zamu. Kila hospitali ionyeshe orodha ya watumishi waliokamilisha chanjo ya homa ya ini, na isiyo nayo iulizwe.

Mwezi Juni 2022, Mkutano Mkuu wa ILO ulikubali kwamba mazingira salama na yenye afya kazini ni haki ya msingi ya kila mfanyakazi, sawa na haki ya kutotumikishwa kwa nguvu. Tanzania ni mwanachama wa shirika hilo. Kila tarehe 28 Aprili tunaadhimisha siku ya usalama na afya mahali pa kazi, kwa maandamano, fulana na mabanda ya maonyesho. Ninaomba maadhimisho yajayo yafanyike karashani. Si kwenye uwanja wa mpira wa makao makuu ya mkoa, bali pale pale, mashine zikizunguka, mgeni rasmi asimame kwenye wingu hilo asikie kifua chake kinasema nini baada ya nusu saa. Wachimbaji watakuja wote, na maswali wanayo.

Yule baba niliyemweleza anakuja kliniki kila mwezi bado. Tumemwachisha dawa za TB, tunampa za kufungua kifua, na mke wake anamsindikiza kwa sababu hawezi kutembea kutoka stendi bila kupumzika. Ana kijana wa kiume aliyemaliza kidato cha nne akakosa nafasi ya kuendelea. Mara ya mwisho nilimuuliza kijana yuko wapi siku hizi. Aliniambia amepata kibarua cha kufungua mapipa, karasha lile lile.

Kijana huyo bado ana mapafu mazima. Naomba jibu lenu kwa maandishi, na nitalibandika kwenye ubao wa matangazo wa kliniki.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi, kliniki ya kifua kikuu na ukoma,
Kanda ya Ziwa